Gesi Inapita, Moshi Unabaki

Gesi asilia iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974. Ilipita miaka 30 kabla haijaanza kutumika. Mwaka 2004 ilianza kusafirishwa kwa bomba lililolazwa chini ya bahari hadi Somanga, kisha nchi kavu hadi Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Tangu hapo imeendesha mitambo ya umeme ya Ubungo na tanuri za saruji za Wazo, na Taifa limeokoa fedha nyingi ambazo zingekwenda kununua mafuta nje. Hilo ni jema, na hakuna sababu ya kulibeza.

Lakini mtu anayesafiri kwa barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi huona jambo jingine akiwa njiani Kilwa. Pembezoni mwa barabara yamepangwa magunia ya mkaa yanayosubiri wateja. Nyuma ya magunia hayo kuna msitu unaopungua, na ndani ya nyumba kuna mama aliyeinama juu ya mafiga. Nishati kubwa inapita wilayani kwake kuelekea mjini, na yeye anabaki na moshi.

Ndugu msomaji, siku hizi maneno "teknolojia endelevu" yanatajwa kila mahali: kwenye makongamano, kwenye mahubiri, hata kwenye mitihani yetu ya teolojia ya maadili. Maoni yangu ni kwamba sisi tunaoishi au tunaohudumu katika pwani ya Lindi tunayo sababu ya kuyapima maneno hayo kwa makini, kwa kuwa Kilwa imekwisha kuyaonja, kwa uchungu na kwa utamu. Kipimo ninachopendekeza kina maswali matatu. Faida ya teknolojia hii inabaki kwa nani? Nani anaamua? Na ikiharibika, nani wa hapa anaweza kuitengeneza? Chombo kikikosa majibu mazuri kwa maswali hayo, rangi yake ya kijani haitoshi kukiita endelevu.

Kwanza tuelewane kuhusu gesi

Wengi huuliza kwa nini mtungi wa gesi Kilwa Masoko hauna bei nafuu wakati gesi inatoka Songo Songo. Swali ni la haki, ila linachanganya vitu viwili. Gesi ya Songo Songo karibu yote ni methani. Methani haigeuki kuwa kimiminika kwa mgandamizo mdogo kama ule wa mtungi wa jikoni. Inahitaji bomba, au mgandamizo mkubwa sana kama ule wa magari yanayotumia gesi Dar es Salaam. Gesi ya mtungi ni propani na butani, nayo huletwa nchini kwa meli. Kwa hiyo mama wa Kilwa anayenunua mtungi ananunua gesi iliyotoka ng'ambo, ikashushwa bandarini, ikasafirishwa kwa lori hadi kwake.

Haitakuwa kweli kusema kwamba Kilwa haikupata chochote. Somanga Fungu kuna mtambo wa umeme wa gesi, na halmashauri hupata ushuru wa huduma. Mabomba ya kuingiza gesi majumbani nayo yameanza kufika sehemu chache, nyingi zikiwa Dar es Salaam na Mtwara. Lakini kujenga mtandao wa mabomba katika vijiji vilivyotawanyika ni gharama kubwa, na mwekezaji hufuata walipo wateja wengi. Hapo ndipo tunapaswa kuelewa kwamba teknolojia hufuata njia iliyochorwa na watu. Wachoraji wasipomwona mama wa Kilwa, bomba litampita.

Kijani kilichokauka

Funzo la pili ni chungu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 2000, dunia ilipokuwa na shauku ya mafuta yatokanayo na mimea, kampuni ya Kiholanzi iitwayo BioShape ilikuja Kilwa kulima mbono kaburi. Mbegu zake zingekamuliwa mafuta ya kuzalisha umeme na joto Ulaya. Ilisemekana mmea huu hauhitaji maji mengi wala ardhi nzuri, kwa hiyo hautagombana na chakula. Vijiji vinne, yaani Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti, vilitoa jumla ya hekta zipatazo 34,000.

Mbono kaburi kweli huvumilia ukame, lakini kuvumilia si kuzaa. Bila maji na matunzo mavuno yake ni haba, na hilo limeonekana katika nchi nyingi zilizojaribu. Kufikia mwaka 2009 kazi zilikuwa zimesimama, na mwaka 2010 kampuni ikafilisika. Vijana waliokuwa wameajiriwa wakarudi nyumbani. Ardhi, kwa utaratibu wa sheria, ilikuwa imekwisha kuondolewa katika ardhi ya kijiji na kuwa ardhi ya jumla ili mwekezaji aweze kumilikishwa. Mwekezaji alipoondoka, ardhi haikurudi kijijini yenyewe kama ng'ombe arudivyo zizini.

Tuupime mradi huo kwa maswali yetu matatu. Umeme ungewaka Ulaya. Maamuzi makubwa yalifanyika mbali na shamba. Na mambo yalipoharibika, hakuna mwanakijiji aliyekuwa na uwezo wa kuyatengeneza. Mradi ulikuwa na jina la kulinda mazingira, ukamwacha mkulima bila msitu na bila ardhi. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba mateso ya mazingira na mateso ya maskini hayatenganishwi, na akadai kwamba wenyeji wa mahali wapewe nafasi ya pekee tangu mradi unapoanza kujadiliwa. Kwetu fundisho hilo lina majina ya vijiji.

Msitu uliobaki kwa wenyewe

Kilwa hiyohiyo ina habari njema. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliruhusu vijiji kutenga misitu yao ya hifadhi, kuisimamia na kubaki na mapato yake. Shirika la hapahapa Kilwa linalojulikana kwa kifupi MCDI, lililoanza kwa kushughulikia mti wa mpingo, lilivisaidia vijiji kupima misitu, kuhesabu miti na kupanga ni mingapi ikatwe kwa mwaka bila kuumaliza msitu. Mwaka 2009 misitu ya vijiji kama Kikole na Kisangi iliingia katika cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu cha FSC, kikiwa cha kwanza cha aina yake barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii.

Mpingo ni mti wa kinyago cha Kimakonde, na pia ndio mti wa klarineti na oboe zinazopigwa katika okestra za Ulaya. Awali gogo liliondoka kijijini kwa bei ya kutupa. Kijiji kilipokuwa mwenye mali mbele ya sheria, mnunuzi alilazimika kukaa mezani na kamati ya kijiji, na fedha zikaingia katika mfuko wa kijiji.

Angalia vyombo vilivyotumika hapo: utepe wa kupimia, ramani, daftari la hesabu, doria, mkutano mkuu wa kijiji. Hakuna mtambo wa ajabu. Kilichobadilika ni nani anaamua. Mafundisho jamii ya Kanisa huliita jambo hilo kanuni ya auni: jambo linaloweza kufanywa vema na walio chini lisichukuliwe na walio juu, na walio juu wasaidie bila kumeza. Mafrateri tunaikariri kanuni hiyo darasani. Kikole waliiishi msituni.

Chakula cha nchi kavu na cha bahari

Kwa upande wa chakula, pwani yetu hula mhogo, samaki, nazi na mahindi kidogo, na hupata fedha kwa ufuta, korosho na mwani. Mhogo unasumbuliwa na batobato na michirizi ya kahawia, ugonjwa unaooza kiazi kikiwa bado ardhini wakati majani juu yanaonekana mazima. Mkulima hugundua siku ya kung'oa. Zipo mbegu zinazovumilia, kama Kiroba, lakini pingili hupita mkono kwa mkono, na ugonjwa hupita nazo. Parokia na vigango vingi vina shamba. Kwa nini shamba hilo lisiwe la kuzalisha pingili safi, zilizopatikana kwa ushauri wa watafiti, na kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo pamoja na majirani Waislamu wachukue hapo? Kazi hiyo haihitaji mfadhili wa kutoka mbali. Inahitaji paroko anayekubali shamba lizae mbegu kabla ya kuzaa sadaka.

Baharini, kina mama wa mwani wanakutana na joto. Aina ya kotonii, ambayo bei yake ni nzuri zaidi, hufa maji ya pwani yanapopata joto, na wengi wamebaki na spinosamu yenye bei ndogo. Huko Zanzibar Dk. Flower Msuya na wenzake walijaribu kulima kotonii katika kina kirefu kwa kutumia nyavu za mirija. Mbinu hiyo inafaa, ila inahitaji boti na kujua kuogelea, na kina mama wengi hawana boti wala hawakufundishwa kuogelea. Mtu akiwaletea nyavu bila mambo hayo mawili, baada ya mwaka mmoja mwani utakuwa kazi ya wanaume.

Upo pia ufundi wa kusubiri. Katika kisiwa cha Panza, Pemba, wanajamii hufunga sehemu ya miamba kwa miezi kadhaa pweza wasivuliwe, kisha huifungua kwa siku waliyokubaliana. Pweza hukua haraka sana, kwa hiyo miezi michache hutosha kumfanya mdogo awe mkubwa. Utaratibu kama huo ulianza kule Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004. Gharama yake ni kuaminiana: nikiacha leo, nina uhakika jirani hatakuja usiku. Sisi tunaohubiri Kwaresima tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hilo. Mfungo unaofuatwa na karamu ya wote si jambo geni kwetu.

Barabara moja haitoshi

Wazee wanakumbuka kusubiri kivuko cha Ndundu kwenye mto Rufiji, siku mvua inaponyesha na barabara inapogeuka tope. Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 lilimaliza mateso hayo, na lami ikafuata. Tumezoea haraka. Mwanzoni mwa Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara hiyo katika wilaya ya Kilwa, magari yakakwama pande zote mbili, na njia iliyobaki ikawa ni kuzungukia Songea.

Mji uliopokea ugeni wa Ibn Battuta mwaka 1331 haukuwa na lami. Ulikuwa na bahari, Kaskazi na Kusi, na mafundi waliojua kuunda vyombo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na utajiri uliyajenga uliletwa na upepo, nishati isiyotoa moshi wala kulipiwa. Sisemi turudi karne ya 14. Jahazi lisilo na maboya ya kujiokolea limeua ndugu zetu wengi, na mgonjwa wa dharura hasubiri upepo. Nasema kwamba ufundi huo ni mali, na unakufa pamoja na wazee.

Kule Lamu, mafundi wa majahazi waliunda chombo kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, wakakiita Flipflopi, kikazinduliwa mwaka 2018 na mapema 2019 kikasafiri hadi Zanzibar. Thamani yake haipo katika chombo kimoja. Ipo katika kuonyesha kwamba fundi wa pwani, akipewa malighafi mpya, hashindwi. Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko iliwekewa jiwe la msingi mwaka 2023. Kama hatutawaandaa vijana wetu kutengeneza boti, mashine, majokofu na umeme wa jua, tutaajiriwa hapo kubeba matenga.

Jiko letu kwanza

Sasa nije nyumbani. Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania katika nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimekwisha kuagizwa ziache kuni na mkaa. Seminari ni taasisi. Shule zetu za bweni, hospitali zetu na nyumba zetu za malezi ni taasisi. Tujiulize bila kujitetea: wapishi wetu wanapikia nini leo?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020. Mpishi wa taasisi huuvuta kwa wingi kuliko mtu yeyote, na mara nyingi huyo mpishi ni muumini wetu anayekaa benchi la nyuma Jumapili akikohoa. Tukihubiri utunzaji wa nyumba ya wote huku tukimwacha yeye ndani ya moshi, mahubiri yetu yanamfikia yakiwa na harufu ya kuni.

Napendekeza hatua za kawaida. Kwanza, mtunza stoo aandike kwa miezi mitatu kiasi cha kuni au mkaa kinachoingia, bei yake na idadi ya watu waliolishwa; mambo mengi hubadilika hesabu ikionekana. Pili, maharage yalowekwe usiku kucha na sufuria zifunikwe. Haigharimu shilingi, na hupunguza muda wa moto. Tatu, mahali ambapo kuni haziepukiki kwa sasa, liwepo jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi nje. Nne, wenye nguruwe au ng'ombe zizini wafikirie bayogesi. Mtambo wake hulishwa samadi kila siku na hautaki uvivu, lakini masalia yake ni mbolea nzuri ya bustani. Tano, penye umeme wa uhakika, presha ya umeme huivisha makande kwa umeme mdogo kuliko wengi wanavyodhani.

Na uwezo upo ndani ya Kanisa. Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes, Chipole, wamejenga mtambo wa umeme wa maji wa Tulila katika mto Ruvuma, wenye megawati 5, na umeme wake huuzwa TANESCO kwa ajili ya Songea na jirani zake. Hawakusubiri mtu aje kuwafikiria. Walikuwa na mto, wakatafuta ujuzi, wakajenga, na wanausimamia wenyewe.

Wapo watakaosema

Wapo watakaosema mkaa ni ajira ya maskini. Ni kweli, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mchoma mkaa wa Kilwa hukata mti kwa sababu ufuta haukumtosha au ada ya mtoto imefika. Kumfukuza msituni bila kumwonyesha njia ni kumwongezea dhambi asiyokuwa nayo. Lakini tukumbuke kwamba kilo 100 za kuni kavu katika tanuri la udongo hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa, na kwamba faida kubwa ya gunia huishia kwa msafirishaji na muuzaji wa mjini. Yeye naye anapoteza msitu na kubaki na moshi. Kijiji chenye msitu wake wa hifadhi kinaweza kumpa kazi ya kupima, kulinda na kuvuna kwa mpango.

Wengine watasema kazi ya Kanisa ni roho. Wamisionari Wabenediktini waliofika Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896 walihubiri Injili, na pia walifundisha kujenga, kulima na kutibu. Hawakuona ugomvi kati ya altare na karakana.

Wengine watasema sisi Wakatoliki Kilwa ni wachache. Ndiyo, jirani zetu wengi ni Waislamu, na hiyo ni heri. Msitu, mwamba wa pweza na moshi havina dini. Paroko na sheikh wakisimama pamoja kwenye mkutano wa kijiji kudai muhtasari usomwe kabla ardhi haijatolewa, hakuna mwekezaji atakayesema ni siasa za kundi fulani.

Katika miaka ijayo watakuja wengi na paneli, betri, mbegu, hewa ya ukaa na mikataba. Baadhi yao watakuwa watu wema wenye vitu vyema. Frateri anayejiandaa kutumwa huku ajifunze kusoma mkataba kama anavyojifunza kusoma Maandiko, kwa sababu wanakijiji watamletea usiku wakimwomba awaelezee. Naye awe na maswali matatu mkononi: faida inabaki kwa nani, nani anaamua, na ikiharibika nani atatengeneza. Na kabla ya kuyauliza kwa wengine, aingie jikoni kwake akayaulize huko.